Hewa, Ujira na Mlango: Historia ya Kuwakinga Wazee na Magonjwa ya Njia ya Hewa

Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya tano, una mambo mawili ambayo sisi wahubiri hatuyaunganishi mara kwa mara. Katika aya ya 4 tunaonywa kwamba ujira uliozuiliwa wa vibarua unamfikia Mungu kama kilio. Katika aya ya 14 mgonjwa anaagizwa awaite wazee wa kanisa wafike kitandani pake. Aya ya kwanza huhubiriwa siku ya wafanyakazi, ya pili huhubiriwa hospitalini, na aghalabu hazikutani.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba zinakutana katika makao ya wazee, hasa pale yanapoingiliwa na magonjwa yanayosambaa kwa pumzi: mafua makali, homa ya mapafu, kifua kikuu, na tangu mwaka 2020, UVIKO-19. Hoja yangu ni kwamba milango ya makao hayo ilifungwa kwa ukali usio na kifani mwaka 2020 kwa sababu mambo mengine mawili yalikuwa yamesahauliwa kabla ya hapo, yaani hewa ya vyumba na ujira wa watunzaji. Msomaji anaweza kuuliza inatuhusu nini, maana katika nchi yetu wazee wengi hutunzwa nyumbani mwa watoto wao, na makao kama yale ya Nunge, Kigamboni, ni machache. Inatuhusu kwa kuwa mchungaji ndiye mmoja wa watu walioachwa nje ya mlango ule, na kwa kuwa Kanisa letu lina historia ndefu katika jambo hili kuliko tunavyodhani.

Tauni ya 1527

Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Saksonia, Yohane, alimtaka Luther aondoke, na chuo kikuu kikahamishiwa Jena. Luther hakuondoka. Alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, na nyumba yake, ambayo zamani ilikuwa monasteri ya Waagustino, ikageuka kuwa hospitali, hali mkewe Katharina akiwa mja mzito. Wakati huohuo Johann Hess na wachungaji wenzake wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Jibu lake lilichapwa mwaka huohuo kwa njia ya barua ya wazi.

Wengi wetu tumefundishwa kuisoma barua hiyo kama somo la ushujaa: mchungaji asikimbie kundi lake. Somo hilo limo kweli. Luther asema kwamba watumishi wa Neno, watawala, na wote wenye wajibu kwa wengine, hata mtumishi kwa bwana wake na bwana kwa mtumishi, hawana ruhusa ya kuondoka mpaka awepo wa kushika nafasi zao. Lakini sehemu ya pili ya barua husomwa kwa haraka, nayo ndiyo yenye uzito kwetu. Humo anawakemea watu wa namna nyingine kabisa: wale wanaodharau dawa, wanaoingia kila mahali bila hadhari na kujisifu kwamba Mungu atawalinda. Hao, kwa maoni yake, wanamjaribu Mungu. Yeye mwenyewe aeleza atakavyofanya: ataomba ulinzi wa Mungu, kisha atafukiza, atasaidia kuitakasa hewa, atatumia dawa, na atajiepusha na mahali na watu asikohitajika, asije akaambukizwa na kuwaambukiza wengine, na kwa uzembe wake akawa sababu ya kifo chao. Ndipo aongeza kwamba jirani akimhitaji, hataepa mahali wala mtu.

Mpangilio wa mawazo hayo wastahili kuangaliwa kwa makini. Luther hakuweka upendo upande mmoja na tahadhari upande mwingine. Swali analojiuliza kuhusu kila mlango ni kama anahitajika mle ndani. Kama hahitajiki, kujizuia kwake ni upendo; kama anahitajika, kuingia kwake ni upendo, na hewa na itakaswe kwanza. Katika barua hiyohiyo atamani miji iwe na hospitali zake, ili kila nyumba isilazimike kuwa wodi.

Kwa upande wa elimu ya tiba, hatuna haja ya kumtetea. Tauni ya kawaida huenezwa na viroboto, jambo ambalo Paul-Louis Simond alilionyesha mwaka 1898. Ni ile tauni ya mapafu tu inayopita kwa pumzi, hivyo ufukizaji wa Wittenberg huenda haukusaidia sana. Lakini kanuni aliyoiweka haikutegemea kiroboto.

Hewa yaaminiwa, kisha yaachwa

Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, nyumba ya madiakonisa, yaani mashemasi wa kike waliofunzwa kuwatunza wagonjwa, maskini na wazee. Kutoka mfano huo zilizaliwa nyumba nyingi za namna hiyo katika Ujerumani, pamoja na ile ya Bielefeld ambayo misheni ya Betheli iliwatoa madiakonisa wake waliokuja huku kwetu. Mwaka 1851 Mwingereza kijana, Florence Nightingale, alikaa Kaiserswerth kwa miezi mitatu akijifunza.

Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, Nightingale aliweka jambo moja mbele ya mengine yote: hewa avutayo mgonjwa iwe safi kama ile ya nje, bila kumtia baridi. Wodi alizozipigania zilikuwa ndefu na nyembamba, zenye dari ya juu na madirisha pande zote mbili yakiangaliana, ili upepo upite. Sababu zake hazikuwa sahihi, maana aliamini kuwa uvundo wenyewe huzaa magonjwa, na kwa muda mrefu hakukubali habari za vijidudu. Tokeo lake ni mojawapo ya mambo ya ajabu katika historia ya tiba: nadharia yenye kasoro ilijenga majengo mazuri.

Mwaka 1897 Carl Flügge, mtaalamu wa usafi na afya, alionyesha kwamba mtu anapoongea, kukohoa au kupiga chafya hurusha matone madogo ambayo hubeba vijidudu vilivyo hai. Alifanya kazi hiyo Breslau, mji uleule ambako Johann Hess alikuwa ameuliza swali lake miaka 370 kabla. (Leo mji huo huitwa Wrocław, nao umo nchini Poland.) Sasa ugonjwa ulikuwa na chombo cha kusafiria kinachoweza kupimwa, na mtu angetazamia kwamba hewa ingezidi kuheshimiwa.

Ikawa kinyume. Mwaka 1910 Charles Chapin, mkuu wa afya wa mji wa Providence huko Marekani, alitoa kitabu chenye nguvu kilichofundisha kwamba magonjwa mengi hupita kwa kugusana na kwa matone yanayoanguka karibu, na kwamba njia ya hewa ni ndogo mno kuhangaikia. Chapin alikuwa mtu makini na alikuwa na nia njema. Aliona kwamba watu wakiogopa hewa watakata tamaa ya kunawa mikono. Katika hospitali ya mji wake wenye magonjwa mbalimbali walilazwa chini ya paa moja, na kwa usafi mkali wa wauguzi mambo yalikwenda vizuri. Wanafunzi wa wanafunzi wake walisahau kwamba alikuwa akipima uzito wa njia mbili, wakakumbuka tu kwamba hewa si kitu.

Walikuwapo waliokataa. Tangu mwaka 1934 mhandisi William Firth Wells alionyesha kuwa tone dogo halifiki sakafuni. Hukauka likingali linaelea, na kiini kinachobaki huweza kukaa hewani muda mrefu. Pamoja na daktari Richard Riley aliandaa jaribio mashuhuri katika hospitali ya askari wa zamani huko Baltimore, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilipitishwa kwa mabomba hadi kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wafananao na panya, waliowekwa juu ya wodi. Simbilisi wale hawakumgusa mgonjwa yeyote, lakini waliambukizwa mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lilipewa hewa ileile baada ya kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, nalo halikuambukizwa.

Ushahidi huo ulikubaliwa kwa kifua kikuu, lakini kwa magonjwa mengine ya pumzi mafundisho ya Chapin yaliendelea. Hata kosa la hesabu liliingia vitabuni: ikasemwa kwamba chembe ikizidi maikromita 5 huanguka mara moja, hali kipimo cha Wells mwenyewe cha chembe inayoelea kilikaribia maikromita 100. Namba 5 ilikuwa imetoka katika swali jingine, la ukubwa wa chembe inayoweza kufika ndani kabisa ya pafu. Kwa muda wa miaka mingi wauguzi duniani kote walifundishwa kukaa mbali hatua moja au mbili na kunawa mikono, na majengo mapya ya kutunzia wazee katika nchi tajiri yalijengwa kwa madirisha yasiyofunguka vema, ili kuhifadhi joto na kupunguza gharama.

Kirkland na Uswidi

Mwishoni mwa Februari 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uligunduliwa katika makao ya wazee ya Life Care Center mjini Kirkland, karibu na Seattle, Marekani. Wakazi walikuwa wakiugua kifua siku kadhaa kabla, nayo ikadhaniwa kuwa mafua ya msimu. Hadi tarehe 18 Machi watu 167 waliohusiana na makao hayo walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Kati ya wakazi hao 101, walifariki 34.

Wachunguzi wa serikali waliofika walitaja sababu ambazo kila mwanafunzi wa diakonia anapaswa kuzijua. Baadhi ya watunzaji walikuja kazini wakiwa wagonjwa. Baadhi walifanya kazi katika makao zaidi ya moja, wakibeba virusi kutoka nyumba hadi nyumba. Vifaa vya kujikinga vilikuwa haba na wengi hawakuzoea kuvitumia. Katika makao mengine ya eneo lilelile wakazi 76 walipimwa wote kwa pamoja. Watu 48 walikutwa na virusi, na 27 kati yao hawakuwa na dalili yoyote siku ile. Kungoja kikohozi ndipo uchukue tahadhari kulikuwa ni kuchelewa.

Kwa nini mtunzaji aje kazini akiwa mgonjwa? Ni rahisi kumlaumu. Lakini mtu anayelipwa kwa saa, asiye na malipo ya siku za ugonjwa, ambaye mshahara wa nyumba moja haumtoshi hata ikambidi atafute ya pili, hakuchagua kuwa daraja la virusi. Mkoa wa British Columbia, nchini Kanada, ulilielewa hilo mapema. Mwishoni mwa Machi 2020 uliamuru kila mtunzaji afanye kazi katika makao mamoja tu, na serikali ikafidia tofauti za ujira ili amri hiyo isiwe adhabu kwa maskini. Nathubutu kusema kwamba hatua ile ilikuwa ya kiafya na ya Kibiblia kwa wakati mmoja, ingawa walioitoa hawakumtaja Yakobo.

Uswidi ni mfano mwingine, na kwetu Walutheri ni mfano wa karibu, kwani Kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la taifa huko hadi mwaka 2000. Nchi ile haikuweka makatazo makali kwa jamii kwa ujumla, lakini ilipiga marufuku kuwatembelea wazee katika makao yao tangu tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Septemba 2020. Hata hivyo karibu nusu ya vifo vya wimbi la kwanza vilitokea katika makao hayo. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti yake ya kwanza Desemba 2020, ikasema wazi kwamba juhudi za kuwalinda wazee zilishindwa. Sababu kubwa kuliko zote, ilisema, ilikuwa kuenea kwa virusi katika jamii nzima, pamoja na kasoro za siku nyingi katika utunzaji wenyewe, zikiwamo uchache wa watumishi na wingi wa vibarua wa kulipwa kwa saa. Kwa maneno mengine, mlango ulifungwa mbele ya binti wa mzee, na ugonjwa ukaingia kwa mlango wa nyuma.

Juu ya chanjo nitasema machache, maana inajulikana. Mtu wa kwanza kuchanjwa nchini Uswidi, tarehe 27 Desemba 2020, alikuwa mkazi wa makao ya wazee mjini Mjölby, mwenye umri wa miaka 91, na chanjo iliokoa wengi. Kabla ya hapo, kule Uskoti, uchunguzi uliochapwa mwaka 2000 katika hospitali 20 za wazee ulikuwa umeonyesha kwamba palipotolewa chanjo ya mafua kwa watumishi, walifariki wagonjwa 13.6 katika kila 100, na pasipotolewa walifariki 22.4. Wachunguzi wa baadaye wamesema tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa na chanjo peke yake, nami naona wana haki ya kusema hivyo. Lakini mwelekeo ni uleule wa Luther: mtumishi ajilinde ili asiwe sababu ya kifo cha mwingine.

Mlango uliofungwa

Mwezi Mei 2020 Christine Lieberknecht, mchungaji wa Kilutheri aliyepata kuwa waziri mkuu wa jimbo la Thuringia nchini Ujerumani, alisema hadharani kwamba kanisa lilikuwa limewaacha peke yao mamia ya maelfu ya watu, yaani wagonjwa, wapweke, wazee na wanaokufa. Viongozi wa kanisa walimjibu kwa uchungu. Walisema kwamba wachungaji walipiga simu, waliandika barua, walisimama nje ya madirisha, na kwamba katika makao mengi walizuiwa kuingia hata walipoomba. Majibu hayo yalikuwa ya kweli. Pamoja na hayo, swali lake lilibaki, maana mzee mwenye ugonjwa wa kusahau haelewi simu, na Chakula cha Bwana hakipitishwi katika kioo.

Siungani na wanaosema kwamba ilikuwa kosa kufunga milango mwezi Machi 2020. Wakati ule hapakuwa na chanjo wala vipimo vya kutosha, na barakoa zilikuwa adimu. Luther angeuliza kama wahitajika, na angeiheshimu hofu ya kuwaua watu kwa uzembe. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba mlango uliofungwa kwa dharura ulibaki umefungwa, mahali pengine kwa miezi mingi, bila mtu kuuliza swali la pili la Luther. Wadachi waliuliza. Tarehe 11 Mei 2020, katika makao 26 nchini Uholanzi, kila mkazi aliruhusiwa tena kumpokea mgeni mmoja, kwa masharti yaliyoandikwa. Katika kipindi kilichochunguzwa halikuripotiwa ambukizo jipya lililotokana na ziara hizo, na watunzaji wenyewe walishuhudia faraja ya wazee. Tukio hilo ni dogo, nalo lilitokea wakati maambukizi yalikuwa yakipungua nchini humo, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo usiouweza. Lakini laonyesha kwamba kati ya kufunga na kuacha wazi palikuwa na njia.

Njia hiyo ingalikuwa pana zaidi kama hewa isingalisahauliwa. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwa uhakika kwamba virusi vya UVIKO-19 havisafiri kwa hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 waliliandikia kwa pamoja kulisihi libadili msimamo. Mabadiliko yalikuja polepole, na kwa wazi zaidi mwishoni mwa Aprili 2021. Katika mwaka ule mzima, makao mengi yalitumia nguvu zao kufuta meza na vishikizo vya milango, huku wazee wakiketi katika vyumba vya pamoja ambavyo madirisha yake hayakufunguliwa. Ukimzuia mgeni lakini ukaiacha hewa ileile izunguke kati ya wazee 20 na mtunzaji mmoja anayekohoa, umefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo chungu.

Hapa ndipo majengo ya kale ya misheni yanaporudi katika habari yetu. Mwaka 2007 watafiti walichapa vipimo vya hewa walivyofanya katika hospitali 8 za mji wa Lima, Peru. Vyumba vya zamani, vilivyojengwa kabla ya mwaka 1950, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya, na kuliko hata vile vyenye mitambo ya kupitisha hewa. Kwa hesabu yao, mtu asiye na kinga akikaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa, angeambukizwa kwa uwezekano wa asilimia 39 katika vyumba vya mitambo, asilimia 33 katika vyumba vipya vyenye madirisha, na asilimia 11 katika vyumba vya zamani. Madirisha hayo yaligharimu mbao na vioo tu.

Msomaji aliyewahi kulala au kuhudumu katika wodi za kale za misheni nchini mwetu anazifahamu: baraza ndefu, madirisha yanayotazamana, dari iliyo juu sana. Nimeziona nyingine ambazo madirisha yake yamezibwa kwa matofali ili kupata ukuta wa kabati, au kupigiliwa misumari kwa kuogopa wezi na mbu. Mbu na wezi wapo kweli, lakini wavu na nondo huwazuia bila kuuzuia upepo. Anayepitisha ramani ya nyumba ya wazee au zahanati ya dayosisi angefanya vema kuhesabu madirisha kabla ya kuhesabu vitanda, na kuangalia katika bajeti kama mtunzaji anayeugua atalipwa siku zake za kulala.

Mwezi Aprili 2024 mambo mawili yalitokea kwa kufuatana, bila wahusika kushauriana. Tarehe 6 kanuni mpya ilianza kutumika nchini Uingereza, katika eneo la England, inayoyalazimisha makao ya wazee kumruhusu mkazi kupokea wageni, isipokuwa pakiwa na sababu ya pekee inayoweza kuelezwa. Kanuni hiyo ilipiganiwa na ndugu za watu waliofariki peke yao. Tarehe 18 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wa istilahi mpya uliokubaliwa na taasisi za mabara kadhaa, ambao uliiacha ile mipaka ya maikromita 5 na kukiri kwamba pumzi ya mgonjwa hubeba chembe za ukubwa wa kila namna, ziendazo karibu na mbali.